Mishipa ya Bandari Bubu: Kulinda Jicho Baada ya Kupandikizwa Konea

Hotuba hii ilitolewa Chake Chake, Pemba, mbele ya watu waliopandikizwa konea, jamaa zao na wahudumu wa vituo vya afya. Inawekwa hapa nzima kwa ajili ya waliozuiwa na mvua. Picha zilizoonyeshwa ukutani zimeachwa.

Assalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Bwana Sheha, wazee wangu, mama zangu, wahudumu wenzangu mliotoka vituoni tangu alfajiri, na nyinyi mliokaa safu ya mbele na miwani yenu myeusi, ambao hasa ndio wenye shughuli hii: nakushukuruni kwa kuja. Nimepewa nusu saa. Wanaonijua wameshaanza kucheka.

Nimekuja na neno moja, na mengine yote nitakayosema ni ya kulitetea. Kupandikizwa konea, yaani kile kioo cha mbele ya jicho, ni kazi ya saa moja au mbili mezani. Daktari akishavua glavu, yeye kamaliza. Jicho halijamaliza. Kwa mwaka mzima, na kwa wengine miaka, jicho linaendelea kuamua kama litakikubali kipande kile au litakikataa. Na katika mambo yanayolifanya likikatae, hakuna linalonitia wasiwasi kama vimishipa vyembamba vya damu vinavyochipua kutoka kwenye weupe wa jicho na kutambaa kuingia kwenye konea. Vikionekana mapema, vinazuilika. Vikionekana vimeshakomaa, tutagombana navyo muda mrefu. Na wa kuviona mapema si mimi, wala si daktari aliyekupasua Bara au ng'ambo. Ni mtu unayeishi naye nyumba moja.

Sasa nianze na nguva.

Nani hapa amewahi kumwona nguva kwa macho yake? Mikono miwili, na yote ya wazee. Vijana hamjamwona, na si kosa lenu, maana wamebaki wachache mno baharini kwetu. Nguva ana jamaa yake upande wa pili wa dunia, kwenye maji ya Florida na Karibiani, anayeitwa manatii. Wote wawili wanakula nyasi za majini, wote wazito, wote wapole. Lakini wamepishana machoni. Konea ya nguva haina mshipa hata mmoja wa damu, sawa na yako na yangu. Konea ya manatii imejaa mishipa.

Kwa nini? Mwaka 2006 kundi la wanasayansi lilichapisha jibu katika jarida la Nature. Mwili una protini inayoamrisha mishipa ya damu ichipue, na wataalamu huiita kwa herufi zake tu, VEGF. Si protini mbaya. Ndiyo inayomjengea mtoto mishipa akiwa tumboni, ndiyo inayokisaidia kidonda cha mguu kupona. Konea nayo hutengeneza protini ya pili, ambayo kazi yake ni kuikamata hiyo VEGF kabla haijafanya lolote. Nguva anayo. Tembo, ambaye ni jamaa wa mbali wa hawa wanyama wa bahari, anayo. Manatii hana, na konea yake imeota mishipa.

Nimekuleteeni habari hii ili muelewe kwamba usafi wa konea haukuja wenyewe. Jicho linaulinda kila saa, mchana na usiku. Kipande chenyewe katikati kina unene wa takriban nusu milimita. Hakina damu, kwa hiyo kinavuta oksijeni kutoka hewani kupitia machozi, na chakula chake kinatoka kwenye maji yaliyo nyuma yake. Kwa kuwa hakina damu kinapitisha mwanga. Na kwa kuwa hakina damu, kidonda chake kinapona polepole sana. Wale wanaoniuliza kila mwezi, "Daktari, hizi nyuzi za mshono zitatolewa lini?", jibu lao ndilo hilo.

Sasa ukipasua, ukashona, ukaacha uvimbe, ukaingia mdudu, VEGF inaongezeka mpaka ile protini ya ulinzi inazidiwa. Hapo mishipa inaanza safari.

Mama mmoja kliniki aliniuliza swali ambalo nililipenda sana. Alisema: "Mwanangu, damu si ndiyo uhai? Mshipa ukifika kwenye hiyo konea mpya, si ndo itashika vizuri?" Nikamwambia, mama, umeuliza kitu ambacho madaktari walikitafuta miaka.

Wapemba hamhitaji kufundishwa bandari bubu. Karafuu ina njia yake ya halali inayojulikana na serikali. Lakini mtu akipata kijia kwenye mikoko, usiku wa kwanza anapita peke yake na gunia moja. Mwezi ukiisha, kila mwenye gunia anapita pale pale. Basi mshipa wa damu ndani ya konea ni bandari bubu. Kinachokuja nao si damu tu. Zinakuja seli za kinga, ambazo kwa kawaida hazifiki kwenye konea kwa wingi. Zinafika kwenye kipande ulichopewa, zinakichunguza, zinakiona si chenu. Pamoja na mishipa ya damu hupenya mishipa mingine ya limfu, ambayo hata mimi kwa darubini yangu ya kliniki siioni. Hiyo inachukua habari kutoka jichoni na kuzipeleka kwenye matezi: huku kuna kitu kigeni. Damu inaleta, limfu inapeleka. Biashara imekamilika, na konea yako ndiyo mzigo.

Kuna Mwingereza, Peter Medawar, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1960 kwa kazi yake juu ya namna mwili unavyokataa vipandikizi. Mwaka 1948 alichapisha majaribio aliyoyafanya kwa sungura. Aliweka vipande vya ngozi ya sungura mwingine ndani ya jicho, katika nafasi iliyo nyuma ya konea. Aliona kwamba kipande kisichofikiwa na mishipa ya damu kiliweza kudumu hata kwa sungura ambaye mwili wake ulishajifunza kukikataa. Kikifikiwa na mishipa, kinakwenda. Basi yule mama alikuwa anauliza alichokiuliza Medawar, na jibu likawa kinyume na alivyotegemea.

Na si sungura tu. Mwaka 2010 watafiti walikusanya tafiti zenye zaidi ya vipandikizi 20,000 vya konea za watu. Waliopandikizwa kwenye konea iliyokwisha kuota mishipa, uwezekano wa mwili kukataa kipandikizi ulikuwa karibu mara mbili ya wale ambao konea zao zilikuwa safi. Na kadiri mishipa ilivyoenea ndivyo hatari ilivyoongezeka. Sisi tunaigawa konea robo nne. Tafiti kubwa za Marekani zilizochapishwa mwaka 1992 zilihesabu jicho lenye mishipa kwenye robo mbili au zaidi kuwa jicho la hatari kubwa. Kwa hiyo mkiniona kliniki nachora duara kwenye kadi yako na kulikata msalaba, nahesabu robo.

Tuje kwenye uzi, na hapa nakuombeni radhi, nitakaa sana.

Uzi unaoshonea konea ni wa nailoni, mwembamba kuliko unywele wa kichwani. Mara nyingi zinashonwa nyuzi moja moja kuzunguka kipande, au uzi mmoja unaokwenda duara. Uzi ukiwa umekaza na fundo lake limezikwa, jicho linausahau. Uzi ukilegea, mambo yanageuka. Unakwangua kope kila unapopepesa. Unakusanya tongotongo. Unakuwa mlango wa bakteria. Na mishipa inaufuata. Nimeona macho ambayo mishipa yote imelala kimya isipokuwa mmoja, umekwenda moja kwa moja mpaka kwenye ule uzi uliolegea.

Mvuvi mmoja wa upande wa Mkoani, kijiji sikitaji, alipandikizwa konea Bara, akarudi anaona vizuri, akarejea baharini. Asubuhi moja mkewe akamwona na kijidoa cheupe ukingoni mwa konea, na utando wa tongotongo umening'inia hapo. Akamwambia nenda hospitali. Akajibu: "Hakuniumi." Siku ya pili, ya tatu, ile ile. Bamvua lilikuwa limeingia, samaki wanapatikana, na mwanamume haachi bahari kwa kitu kisichouma. Alipofika kwangu bamvua lilikuwa limekwisha, na mishipa mitatu ilikuwa imeshatoka kwenye weupe. Nikautoa uzi siku ile ile. Nikaongeza matone. Miwili ikanywea. Wa tatu ulikuwa umeshavuka mpaka na kuingia kwenye kipande chenyewe, na mpaka leo ukimulika unaona mstari wake.

Sasa nisikilizeni. Kwa nini hakuumwa?

Kwa sababu konea ndiyo sehemu yenye hisia kali kuliko karibu zote mwilini, lakini ukiikata ukaweka nyingine, mishipa ya fahamu nayo imekatwa. Ile mpya ina ganzi kwa miezi, na hisia hazirudi zote. Uzi unaweza kulegea, ukakatika, ukaota mishipa, na mwenye jicho asisikie kitu. Mtu mwenye konea yake ya kuzaliwa akiingiwa na mchanga anapiga kelele. Aliyepandikizwa anaweza kukaa kimya kabisa. Kwa hiyo usingoje maumivu. Narudia kwa wale wa nyuma: usingoje maumivu! Mwenye kuumwa anakuja mwenyewe, sina wasiwasi naye. Namwogopa asiyeumwa.

Basi mtazame nini? Mke, mume, mtoto wa skuli aliye na macho makali, kila asubuhi kwenye mwanga wa dirisha, mtazameni mgonjwa wenu. Weupe umekuwa mwekundu, hasa wekundu wa upande mmoja? Kuna uzi unaong'aa au kidoa cheupe ambacho jana hakikuwepo? Kuna kistari chekundu kimevuka kutoka kwenye weupe? Na mgonjwa mwenyewe azibe jicho lake lisilopandikizwa, atazame kitu kile kile kila siku, kalenda ya ukutani inatosha. Tarakimu za jana zinasomeka leo? Mwanga unamchoma kuliko jana? Likiwepo moja tu kati ya haya, siku hiyo hiyo upige simu au uende kituoni. Simu za siku hizi zina kamera nzuri, mpige picha ya jicho na umtumie muuguzi. Boti ya Unguja itapangwa baadaye, kwanza tujue.

Na jamani, uzi hautolewi nyumbani. Yuko mtu alimtoa mumewe uzi kwa kibano cha nyusi. Nilipomuuliza akaniambia, "Daktari, ulikuwa unaning'inia tu." Ulikuwa unaning'inia, ndiyo, lakini ncha iliyokaa nje na uchafu wake ukiivuta vibaya unaipitisha ndani ya konea. Sisi tunatia matone ya kusafisha, tunakata mahali maalumu, tunavuta upande maalumu, kisha tunatoa dawa ya kuzuia bakteria, na mara nyingi tunaongeza steroidi kidogo, dawa ya kutuliza uvimbe, kwa sababu hata kuutoa uzi kunaweza kuliamsha jicho.

Nataka nizungumzie chokaa, kwa kuwa tuko visiwani na mawe yetu ni matumbawe.

Tarehe 7 Disemba 1905, katika mji wa Olomouc, leo uko Jamhuri ya Cheki, daktari Eduard Zirm alimpandikiza konea kibarua mmoja aitwaye Alois Glogar. Ndiyo konea ya kwanza ya binadamu kwa binadamu iliyodumu. Na kilichompofusha Glogar kilikuwa chokaa, macho yote mawili. Konea ilitoka kwa mtoto wa miaka 11 ambaye jicho lake lilijeruhiwa na chuma na halikuweza kuokolewa. Zirm hakuwa na nyuzi za nailoni. Hakukishona kipande chenyewe, alikishikilia kwa vipande vya utando wa jicho vilivyopitishwa juu yake. Matone ya steroidi hayakuwepo, hayo yalianza kutumika machoni miaka ya 1950. Alipandikiza macho yote mawili. Moja likaharibika. La pili likabaki safi, na Glogar akarudi kazini.

Watu hupenda kusimulia lile jicho lililopona. Mimi hufikiria lile lililoharibika. Kwa sababu jicho la chokaa, hata leo, na dawa zote hizi, tunalihesabu katika yale magumu kabisa. Pale ukingoni, konea inapokutana na weupe, kuna seli mama zinazotengeneza ngozi ya juu ya konea kila siku na kuzuia utando wa weupe usivuke. Chokaa inaziua. Zikifa, utando wa weupe unavuka na mishipa yake yote, pande zote. Huwezi tena kuhesabu robo, konea nzima imekuwa nyekundu.

Kuna kijana fundi, alikuwa anazima chokaa kwenye pipa kwa ajili ya kukarabati nyumba ya zamani. Ikamrukia jichoni. Wenzake wakamfunga kitambaa na kumtafutia gari. Walimtafutia gari! Maji yalikuwepo pale pale, pipa zima la kuchanganyia na bomba pembeni. Alipofika hospitali chembe za chokaa bado zilikuwa chini ya kope zinaunguza. Kijana huyu anataka konea. Siwezi kumwambia ndiyo. Kwanza inabidi apandikizwe seli mama za ukingoni, zitoke kwenye jicho lake la pili lililo zima, jicho litulie, ndipo tufikirie konea. Tukianza na konea tutakuwa tumeipoteza, na konea si kitu cha kuchezea. Hesabu iliyofanywa na kuchapishwa mwaka 2016 ilionyesha kwamba duniani kuna konea moja tu kwa kila watu 70 wanaoihitaji.

Chokaa, saruji, maji ya betri, dawa ya kuzibulia vyoo: osha hapo hapo. Maji safi yoyote uliyonayo, mengi, nusu saa nzima, pindua kope uondoe chembe. Gari litasubiri. Usitie maziwa, usitie majani, usitie chochote kingine.

Nikisema hivyo wengine mnaangalia chini. Naendelea.

Matone. Dawa kuu ya kuzuia mishipa na kuzuia kukataliwa ni matone ya steroidi, prednisoloni au deksamethasoni. Mwanzoni yanatiwa mara nyingi kwa siku, kisha yanapunguzwa polepole kwa miezi. Prednisoloni nyingi ni ya maji meupe yanayotuama, usipoitikisa chupa unatia maji na dawa inabaki chini. Tone moja linatosha, la pili linatiririka shavuni. Dawa ya pili isubiri dakika tano. Chupa ikishafunguliwa wiki nne, itupe hata kama imebaki nusu. Najua inauma, dawa ni ghali.

Sasa kuna watu wa aina mbili wanaonisumbua. Wa kwanza ni anayeacha ghafla kwa sababu jicho limekuwa zuri. Jicho limekuwa zuri kwa sababu ya dawa! Wa pili ni anayezidisha, au jirani yake anayekwenda duka la dawa na chupa ile ile mkononi kusema "nipe kama hii, macho yangu mekundu". Steroidi hupandisha presha ya macho bila dalili, huleta mtoto wa jicho, na jicho lililochomwa na kijiti cha mkarafuu likaingia kuvu, ukalitia steroidi, unaweza kulipoteza kabisa. Wenye maduka ya dawa mliopo hapa, nimewaona, na tutazungumza nje.

Halafu Ramadhani. Mwanamke mmoja, mcha Mungu, mlima mwani, alikuwa anafuata matone yake bila kosa. Mwezi ulipoandama akaacha kutia mchana. Hakumwambia mtu, kwa kuwa aliona ni baina yake na Mola wake. Siku ya pili ya Idi akaja na konea ukungu na jicho jekundu. Tulilitia matone kila saa, usiku na mchana, na likarudi, lakini si lote. Alhamdulillah. Mimi si shehe. Ila nimewauliza wenye elimu kabla ya kusimama hapa, na walichoniambia ni kwamba katika madhehebu ya Shafii, ambayo wengi wetu hapa tunayafuata, jicho halihesabiwi kuwa tundu la wazi la kufika ndani, na wanja au dawa ya jicho haibatilishi saumu hata ladha yake ikifika kooni. Madhehebu mengine yana kauli tofauti. Anayezifuata amuulize shehe wake kisha aje kwangu mapema, Shaabani, tuangalie kama matone yake yanaweza kupangwa kati ya futari na daku. Kwa aliyepasuliwa karibuni hayapangiki. Na wiki za mwanzo, kusujudu kwa kuinama sana nako muulize daktari wako, kusali umekaa kuna ruhusa yake.

Nimebakiwa na swali la wale ambao mishipa imeshaingia. Wapo hapa. Tunafanya nini?

Kwanza tunatafuta kilichoiita. Uzi? Kope iliyoota ndani? Ukavu? Virusi vya hepesi, ambavyo hulala kwenye mishipa ya fahamu na kuamka? Aliyepandikizwa kwa sababu ya hepesi hupewa vidonge vya asaiklova kwa miezi mingi, na akiviacha mishipa inakuja na virusi pamoja. Ukikata mshipa ukaacha sababu, umefanya kazi bure.

Kisha steroidi. Kisha, kwa mishipa michanga, kuna dawa inayoitwa bevasizumabu. Marekani iliidhinishwa mwaka 2004 kwa ajili ya saratani ya utumbo mpana, kwa sababu uvimbe wa saratani nao unajiotesha mishipa kwa VEGF ile ile. Madaktari wa macho wakaichukua. Tunachoma kiasi kidogo sana chini ya utando wa weupe, karibu na mshipa. Nasema wazi: kwenye karatasi ya dawa hiyo konea haikutajwa, na daktari yeyote anayekuchoma lazima akwambie hivyo kabla. Inafanya kazi kwa mshipa mchanga, ule ambao bado unategemea VEGF. Mshipa uliokomaa umeshajifunika seli zake za ulinzi na hauisikilizi tena. Na haifai konea ikiwa na kidonda wazi juu, maana inachelewesha ngozi kufunga.

Kwa mshipa mzee mnene kuna leza, na kuna sindano nyembamba yenye umeme inayopitishwa kwenye mshipa kuuziba. Mara nyingine inabidi kurudia. Wale ambao kinga inawasumbua sana huongezewa siklosporini au takrolimasi, dawa za kuituliza kinga hiyo. Hayo ni ya hospitali kubwa, sitayaeleza yote leo.

Mwalimu mmoja wa Wete alichomwa bevasizumabu, mishipa ikanywea mpaka ikapotea, akawapigia simu ndugu zake wote. Miezi ikapita. Ukaja ugonjwa wa macho mekundu darasani kwake, watoto wakamwambukiza. Kwa siku mbili mishipa ile ile, kwenye njia zile zile, ikajaa damu. Akaniuliza imetoka wapi. Haikutoka popote. Mshipa ukinywea, bomba lake tupu linaweza kubaki ndani ya konea, halionekani mpaka umulike vizuri, na jicho likichafuka damu inalijaza mara moja bila kungoja kuchipua upya. Bandari bubu ilifungwa, lakini mkondo kwenye mikoko ulikuwa pale pale. Mwalimu alikuja siku ya pili ya wekundu, si wiki ya pili, na konea yake mpaka sasa ni safi. Anafundisha. Kila akisikia mtoto ana macho mekundu anamrudisha nyumbani kabla hajamaliza sentensi, na wazazi wanamlalamikia. Nimewaambia wazazi wamwache.

Muda wangu umekwisha na Bwana Sheha ananitazama saa. Maswali tutayachukua baada ya adhuhuri. Wenye nyuzi bado machoni, msipande daladala. Hamieni upande wa dirisha, muuguzi ana taa na darubini ya mkononi, atamtazama kila mmoja na atamwonyesha aliyekuja naye nini cha kuangalia asubuhi. Aliyekuja peke yake asimame, nimtafutie jirani wa kijiji kimoja. Na yule bwana wa nyuma anayejipangusa jicho kwa ncha ya shati, wewe anza wewe.